Maswali ya Wasomaji: Peugeot 404 Iliyoliwa na Kutu

SWALI: Ndugu Mshauri, shikamoo. Mimi na mume wangu tunaishi Nkuhungu, jijini Dodoma. Baba mkwe ametuachia Peugeot 404 ya saluni, yaani gari dogo la abiria lenye buti nyuma, ambayo aliitumia kwa miaka mingi alipokuwa akifanya kazi Tanga. Injini inawaka vizuri, lakini bodi imeliwa na kutu milangoni, sakafuni na chini ya milango, pale mtu anapokanyaga anapopanda. Tumeamua kuitengeneza na kuipaka rangi wenyewe uani kwetu, kila mwisho wa juma. Mume wangu anataka tupige msasa, tuzibe mashimo kwa puti na tupulize rangi ili gari liwe tayari kwa harusi ya mdogo wake mwezi wa Desemba. Mimi naogopa kwamba kutu itarudi. Tuanzie wapi? Na je, tunaweza kuacha rangi yake nyeupe tukapaka ya bluu? (Mke na mume, Nkuhungu)

JIBU: Marahaba, wanangu. Mmerithi gari lenye heshima yake katika nchi hizi. Peugeot 404 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, na ilishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili za kwanza dereva alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Linastahili jasho lenu.

Mama, hofu yako ina msingi. Kutu si uchafu uliokaa juu ya bati. Ni bati lenyewe lililogeuka baada ya kukutana na maji na hewa, na chumvi ya upepo wa bahari kama ule wa Tanga huharakisha mgeuko huo. Tena, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana huinua rangi na kuifanya ivimbe. Uvimbe wa ukubwa wa punje ya harage mnaouona nje ya mlango mara nyingi ni mwisho wa safari iliyoanzia ndani. Chukueni bisibisi mwuchokonoe: ikigota kwenye chuma kigumu, shukuruni, ikizama, hapo hapana bati tena, kuna rangi tu iliyoshikana na kutu.

Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu niliwahi kufanya hicho hicho anachokitaka mumeo. Niliziba mlango wa pikapu yangu kwa puti mwezi wa Septemba, nikapaka rangi, na majirani wakanipongeza. Puti hunyonya maji. Mvua zilipoanza ikatuna, na kufikia Machi kilidondoka kipande kizima, kinene kama ukoko wa ugali, nyuma yake bati likiwa limebaki unga mwekundu.

Kwa hiyo anzeni kwa kufungua, wala si kwa kupaka. Toeni viti, mazulia na mbao za ndani ya milango. Chini kabisa ya kila mlango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji yanayopenya pembeni mwa kioo. Vumbi letu la Dodoma huviziba, na mvua inaponyesha mlango hugeuka ndoo. Zibueni vitundu hivyo kwa waya, osheni tope lote, kisha acheni pakauke kabisa. Baada ya hapo pitisheni sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa juu ya bodi nzima. Pale isiponasa, jueni kwamba mtu aliyewatangulia alikwisha kuficha jambo kwa puti.

Sakafu na sehemu ya kukanyagia ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi. Saluni hiyo haina chesisi ya pekee, yaani fremu ya chuma inayokaa chini ya bodi. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wa gari na wa watu, kwa hiyo palipotoboka hapana budi pakatwe hadi kwenye bati zima, kisha pachomelewe bati jipya. Kazi hii moja mpeni fundi anayeaminika wa kuchomelea, nanyi mhakikishe kwamba betri na tangi la petroli vimeondolewa kabla hajawasha mashine yake.

Mahali ambapo kutu haijatoboa, mnaweza wenyewe. Rangi ya zamani ikishatolewa kwa msasa wa maji, kama nitakavyoeleza hapa chini, tumieni grinda yenye brashi ya waya, kisha msasa namba 80, mpaka chuma king'ae. Mabaki meusi yaliyojificha kwenye vishimo yapakeni dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, mkiwa mmevaa glovu na miwani, mkifuata maelezo ya kopo. Pakishakuwa safi na pakavu, pakeni prima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza inayoshika na kulinda bati, siku hiyo hiyo, kwa maana bati tupu lililolala wazi huanza kutu upya. Puti ije baadaye, tabaka jembamba la kusawazisha tu. Sipendi kuona puti iliyozidi milimita 3.

Kuhusu afya nitasema kwa mkazo. Rangi ya gari la umri huo inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru zaidi watoto. Kwa hiyo msikwangue rangi ya zamani kikavu uani wanapocheza. Tumieni msasa wa maji, kusanyeni tope lake, na panapofikia bati pakausheni mara moja. Rangi nyingi za kisasa zinazochanganywa na hadina, yaani dawa ya kuikausha na kuikaza rangi, zina kemikali za isosianeti zinazoweza kuharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizizuii. Kama mnataka rangi ya namna hiyo, mwachieni fundi mwenye barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Ninyi tumieni rangi ya selulosi isiyohitaji hadina, mahali penye hewa, mkiwa na barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, na jiko la mkaa liwe mbali kabisa, kwa sababu thina, yaani kimiminika cha kuzimulia rangi, hushika moto upesi.

Hali ya hewa ya Dodoma inawasaidia kwa upande mmoja na kuwasumbua kwa mwingine. Ukavu ni rafiki wa prima, ila upepo wa Julai hadi Oktoba hubeba vumbi na kulinatisha kwenye rangi mbichi. Pulizeni asubuhi, ubaridi ukishatoka kwenye bati na kabla upepo haujaamka; tandazeni turubai pande zote na mwagieni ardhi maji. Jua la mchana liepukeni: bati likiwa la moto, thina huruka kabla rangi haijatulia, na uso hubaki na vinundu.

Bluu inawezekana, ila rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi yake ya usajili, hivyo nendeni kwanza ofisi ya Mamlaka ya Mapato mjue utaratibu wa kuibadilisha. Mjue pia kwamba mtalazimika kupaka kingo za milango, ndani ya boneti na ndani ya buti, la sivyo weupe utachungulia kila mnapofungua. Mimi ningebaki na nyeupe. Na kwa harusi ya Desemba, azimeni gari la ndugu.

SWALI: Nimeshapaka prima ya kawaida, lakini fedha za rangi zimeisha. Gari likikaa hivyo msimu mzima wa mvua litadhurika? (Msomaji, Kondoa)

JIBU: Litadhurika. Prima ya kawaida ina vinyweleo vinavyopitisha maji hadi kwenye bati, na kutu itaanzia chini yake bila wewe kuiona. Liweke chini ya paa, palipo pakavu na penye hewa, wala usilifunike kwa nailoni inayohifadhi unyevu. Ukipata fedha, ipige msasa prima hiyo na upake nyingine kabla ya rangi.