Dabi ya Kariakoo sebuleni: ushauri wa Simba aliyeolewa Yanga

Nyumba yenye mashabiki wa Simba na wa Yanga hushauriwa kitu kimoja: siku ya dabi, yaani mechi ya timu hizo mbili, kila mtu akakae na wenzake. Baba aende kibandaumiza kutazama mpira, mama abaki na mashoga zake, mkutane usiku hasira zikiwa zimepoa. Mimi naupinga ushauri huo. Ni Simba wa kurithi, nimelelewa hivyo na baba yangu, na nimeolewa Temeke kwenye ukoo wa Yanga kindakindaki, ukoo ambao kadi ya uanachama inatunzwa kabatini pamoja na karatasi za kiwanja. Nimeziangalia dabi kwa mtindo wa kutengana na kwa mtindo wa kukaa pamoja. Wa pamoja una kelele zaidi, lakini ndio unaoacha watu wanaongea kesho yake.

Mkitengana, kila mmoja anarudi na mechi yake. Mume anarudi na mechi ambayo walinyimwa penalti mbili za wazi, wewe una mechi ambayo refa aliwabeba Yanga tangu filimbi ya kwanza. Dakika 90 nzima umezungukwa na watu wanaokuambia unachotaka kusikia, halafu unafika nyumbani unabishana juu ya kitu ambacho mwenzako hakukiona. Mkiwa kwenye kochi moja, marudio yakionyeshwa wote mnaona kama mguu wa beki ulikuwa mbele au nyuma. Kubishana mtabishana, tena sana, ila palepale, na mpira ukirushwa mnarudi mchezoni.

Zimeni redio, na simu ziwekwe kimya. Redio hutangulia kisimbuzi kwa sekunde kadhaa, na hakuna kero kama kusikia mtaa unalipuka wakati kwenye kioo chako kona bado haijapigwa. Kwetu jirani wa kushoto ni Yanga na wa kulia ni Simba, wote wana redio. Ukuta uliopiga kelele ndio unaotuambia nani kafunga. Mimi na mume wangu tunabaki tumekodolea macho TV, mmoja anatabasamu, mwingine anaombea ukuta uwe umekosea.

Sasa ubishi wenyewe. Maoni mengi ya mashabiki kuhusu mechi hii hayatokani na mechi, yanatokana na mwaka ambao mtu ameamua kuanzia kuhesabu. Marehemu baba yangu alianzia 19 Julai 1977, Simba 6, Yanga 0, Abdallah Kibadeni kafunga 3 peke yake. Kwake historia ya dunia ilikamilika siku hiyo. Baba mkwe naye anaanzia Juni 1968, Yanga walipoifunga 5-0 Simba iliyokuwa bado ikiitwa Sunderland. Vijana wa kwetu wakiwa Simba wanakuelekeza Mei 2012, 5-0, na ubingwa wa ligi wa mara 4 mfululizo ulioishia msimu wa 2020/21. Wakiwa Yanga wanaanzia hapohapo tulipoishia sisi, wanahesabu mataji 4 yaliyofuata hadi 2024/25, kisha wanakuwekea juu yake 5-1 ya Novemba 2023. Yote hayo ni kweli. Kwa hiyo mtu akikuambia "hawa hawajawahi kutuweza", muulize kwanza anaanzia mwaka gani. Swali hilo peke yake linapunguza nusu ya kelele sebuleni, maana kila mtu anajua mwaka wake ameuchagua.

Sitaficha kwamba kipindi cha karibuni kimekuwa kigumu kwa upande wetu. Kuanzia ile 5-1 hadi Ngao ya Jamii ya Septemba 2025 tulifungwa dabi 6 mfululizo. Ndiyo maana naamini nina haki ya kutoa ushauri kuhusu kufungwa.

Ushauri huo ni huu: jitokeze mapema. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2023 mtaa mzima wa Yanga ulikuwa unatembea na kiganja juu. Nilitoka uani nikamkuta mama mkwe kwenye kigoda anachambua mchele. "Shikamoo mama." "Marahaba mkwe wangu," akajibu, mkono umeinuliwa, vidole vitano vimetanuliwa vizuri, na hakuushusha mpaka nilipomaliza kuuliza habari za usiku. Gengeni, kijana wa nyanya alikuwa anapanga mafungu ya tano tano na kunitazama usoni. Ungejifungia ndani siku ile ungekuta utani unakusubiri wiki nzima, unaongezewa chumvi kila siku. Ukitoka saa 2 asubuhi, ukacheka, ukasema "haya, tumekula tano, mwingine nani?", kufika mchana wamekuchoka. Sisi wenyewe Simba tulishamaliza hasira kwa kocha. Haikupita wiki Robertinho akawa ameondoka. Mkwe akisema kocha alikuwa mbovu, unakubali. Hapo hana cha kuongeza.

Kwa upande wa anayeshinda, mipaka ipo na kila Mtanzania anaijua, isipokuwa siku ya dabi watu hujifanya wameisahau. Tania timu, tania kipa, tania msemaji wa klabu na kila ahadi aliyotoa redioni. Makolo kwa Simba, Utopolo na Vyura kwa Yanga, hayo tumeshazoea, ingawa wazee wengi hawapendi kuitwa Utopolo na mtoto waliyembeba mgongoni, na hapo nawaunga mkono. Usimguse mzazi wa mtu, kabila lake, dini yake, wala hali yake ya kifedha. Kwenye kundi la familia la WhatsApp tuna kanuni kwamba picha za majeneza haziruhusiwi, tangu mwaka ambao tulikuwa na msiba na shemeji mmoja akasambaza jeneza lenye bendera bila kufikiri. Hakuwa na nia mbaya. Shangazi lakini hakulala usiku ule.

Kanuni nyingine ni kutotamba mapumziko. Anayetaka ushahidi arudi Oktoba 20, 2013. Yanga walikwenda mapumziko wakiongoza 3-0, Mrisho Ngassa moja na Hamis Kiiza mawili, na mashabiki wetu wengine walishaanza kutafuta daladala. Kipindi cha pili Mombeki, Owino, Kaze, 3-3. Hadi leo Yanga wa kwetu wakiwa mbele dakika ya 45 wanakunywa chai kimyakimya.

Kuna na mambo ya imani. Mama mkwe hataki mtu avuke mbele ya TV wakati wa faulo ya karibu na boksi, na shemeji yangu mkubwa hakai kiti alichokalia mechi waliyofungwa. Usiwabishie. Klabu zenyewe zimewahi kupigwa faini kwa kuingia uwanjani kupitia mlango usio rasmi, na kila shabiki anajua mlango rasmi ulikwepwa kwa kuogopa uchawi. Sembuse bibi wa watu anayekuomba tu uzunguke nyuma ya kochi. Zunguka.

Fedha ndipo pabaya. Sijawahi kuona ndugu wamegombana kwa ajili ya goli, nimeona wamegombana kwa ajili ya elfu hamsini iliyowekwa juu ya goli. Usiwekeane pesa na ndugu wala na mfanyakazi mwenzako, na kama ni mtu wa kubeti usiiweke timu yako kwenye mkeka, maana mapenzi yatakuchagulia tokeo. Wekeaneni kazi. Kwetu aliyefungwa anaamka alfajiri ya siku inayofuata aende soko la Feri kununua samaki kwa pesa yake, awapare, awakaange, ukoo wote ule. Kwa hesabu ya dabi niliyokutajia hapo juu utaelewa kwa nini wapaa samaki pale Feri sasa wananisalimia kwa jina. Kazi ina uzuri wake: aliyeshindwa anakuwa na shughuli ya mikono badala ya kukaa na simu, na aliyeshinda hawezi kumtukana mtu anayemkaangia changu.

Kama lazima uende uwanjani, nenda. Uwanja wa Mkapa unachukua watu 60,000 na siku ya dabi utadhani nusu ya Dar es Salaam imekuja kuwasindikiza. Tiketi iwe kwenye kadi yako ya kielektroniki, N-Card, mapema, si ya kununua kwa mtu njiani. Ukitokea Mbagala au mjini, shuka Uhasibu utembee, usingoje gari likufikishe getini. Saa 7 mchana uwe umeshaingia hata kama mechi ni saa 11 jioni, na ule kabla, kwa sababu ndani utakula ulichokikuta kwa bei utakayoambiwa. Nyie wa nyumba mchanganyiko mtashawishika kukaa pamoja mzunguko, yaani viti vya kawaida. Sebuleni sawa, mzunguko hapana. Nyekundu moja ya Simba katikati ya kijani cha Yanga ni mzaha hadi goli la kwanza, baada ya hapo wanaokuzunguka hawakujui kama wewe ni mkwe wa nani. Gawanyikeni, kila mtu upande wake, mkutane nje baada ya mechi mahali mlipopanga mkiwa nyumbani, maana mtandao wa simu pale nje unakata. Au mlipe zaidi mkae VIP, ambako rangi huchanganyika bila taabu. Watoto wadogo wasiende dabi. Wapeleke kwenye tamasha la klabu, Simba Day au Wiki ya Mwananchi ya Yanga, wakaone timu yao na muziki, warudi wamelala begani.

Wanaotoka mikoani nina neno lao la pekee. Kuna siku dabi haichezwi. Mei 8, 2021 muda ulisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku watu wakiwa wameshakaa vitini. Yanga walifika kwa muda wa mwanzo wakaondoka, Simba wakaja kwa muda mpya, mechi ikafa. Machi 8, 2025 ikawa tena: Simba walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, wakasema hawachezi, Bodi ya Ligi ikaahirisha. Siku ile mgeni wetu kutoka Mbeya, binamu wa mume wangu, alikuwa ameshavaa jezi iliyopigwa pasi na kofia ya kijani, kaketi kwenye ngazi anasubiri bodaboda, ndipo habari ikaingia. Dabi yenyewe ilikuja kuchezwa Juni 25, Yanga 2-0, na yeye alikuwa kwake Mbeya hana tena nauli. Kwa hiyo ukisafiri kwa ajili ya mechi hii, panga na shughuli ya pili mjini, kununua mzigo Kariakoo, kumuona mgonjwa, chochote. Na nauli ya kurudi iache kwa mwenyeji wako, isikae mfukoni.

Kuhusu nani mwenye makosa siku hizo mbili, sebuleni kwetu tulikubaliana jambo ambalo hatujawahi kukubaliana kuhusu mpira wenyewe: aliyeumizwa ni aliyelipa tiketi. Baba mkwe na mimi tulilisema kwa sauti moja, halafu akaongeza kwamba hata hivyo Simba mliogopa. Nikamwambia kubwa la kuogopa ni samaki wa Feri walivyopanda bei.

Swali ninaloulizwa zaidi na wanawake wenzangu ni la watoto: wawe wa nani? Msipangiane kwenye ndoa. Wengine huandika hadi makubaliano, wa kwanza Simba, wa pili Yanga, kana kwamba mtoto atasoma. Wa kwangu mkubwa ni Simba kwa sababu alipenda simba wa kwenye nembo tu, hakuna somo lililohitajika. Mdogo bado anashangilia goli lolote kwa kuwa akishangilia anarushwa juu. Bibi yake alimuwahi, akamnunulia jezi ya kijani na njano yenye jina lake mgongoni, na mimi sikununa. Nilikwenda nikamchukulia nyekundu ya saizi mbili zaidi. Ya bibi imeshaanza kumbana kwapani.