Kabla ya hodi: barua kwa mwanangu

Kadutu, Bukavu

Mama,

Bado nakuita hivyo, ingawa sasa u mtu mzima, kwa sababu jina ulilobeba ni la mama yangu na ulimi wangu haujui kukuita vingine.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema mwalimu wenu huko Goma amewaagiza kila mmoja aandike falsafa yake ya huduma, yaani jinsi atakavyowatumikia watu wa Mungu na kwa nini, kabla ya kwenda staji, yale mazoezi ya kazi, na baadhi ya wenzako wananakili za waliowatangulia ili wamalize upesi. Kisha unaniuliza: Baba, umechunga kanisa miaka 31, mbona sijawahi kuona karatasi kama hiyo nyumbani? Na si Paulo mwenyewe alituonya juu ya falsafa?

La Paulo ni fupi. Katika Wakolosai 2:8, neno ambalo Biblia yetu inaliita "elimu" ndilo falsafa kwa Kiyunani, na anachokataa ni ile isiyo "kwa jinsi ya Kristo". Kila mhudumu ana falsafa, mwanangu, hata asiyelijua neno lenyewe. Asiyekaa chini kuitafuta huwa amepewa na wengine: mwenye pesa, mchungaji aliyemlea, au hofu ya kusemwa vibaya. Mimi nilikuwa huyo.

Na karatasi ipo. Hujaiona kwa sababu imo ndani ya jalada la nyuma la Biblia yangu nyeusi. Nikueleze ilivyoingia humo.

Mwaka 2001, usiku wa mvua, watu wa familia moja ya kanisa letu walibisha hodi. Walikuwa na mtoto wa kiume wa miaka tisa. Mama yake alikuwa amefariki, naye alikaa kwa baba yake mdogo. Kisha wakazika watu wawili wa nyumba ile kwa muda mfupi, na biashara ya baba mdogo ikaanguka. Mwombezi mmoja akawaambia mchawi wanaye ndani. Walimleta kwangu nimwombee autoe huo uchawi. Mtoto alisimama karibu na mlango, miguu mitupu, hamwangalii mtu.

Nilijua kwamba jambo lile si la Mungu. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuwa umekwisha kuamua utafanya nini ni kitu kingine. Nikafikiri: baba mdogo anatoa zaka vizuri. Nikafikiri: watasema mchungaji hana nguvu za kiroho. Nikasema, "Mleteni Jumapili baada ya ibada, tutaomba." Nikaomba kidogo, nikawasindikiza mpaka barabarani.

Hawakungoja Jumapili. Walimpeleka kwenye chumba kimoja cha maombi, wakamlazimisha kufunga bila kula siku nne, wakamchapa ili akiri. Akakiri, nani asingekiri? Alipotoroka akaenda kulala sokoni. Nilimtafuta majuma matatu, kutoka mtaa wetu wa Kadutu mpaka ule wa Essence, nikampata mgonjwa. Mjane mmoja wa kanisa akamchukua, akamlea. Leo ni seremala, ana watoto wake. Amenisamehe kwa kinywa chake mwenyewe. Lakini ile dakika ya mlangoni naiona hata leo: mtoto alikuwa amekwisha kuingia nyumbani mwangu, nami nikamtoa nje kwa mikono yangu, na kwa maombi.

Usiku ule nilipompata ndipo nilipoandika mstari wa kwanza: "Hakuna mtoto mchawi. Akiletwa kwangu kwa shitaka hilo, analala kwangu." Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 sasa inamwadhibu anayemshitaki mtoto kwa uchawi, na ninaifurahia. Ila mimi nilikuwa na Injili tangu mwanzo, wala sikupaswa kuingojea sheria hiyo. Tangu mstari ule uandikwe, watoto watano wamelala nyumbani kwetu kwa sababu hiyo. Wawili unawakumbuka, mlikula bugali sahani moja ukidhani ni wageni wa kawaida.

Basi falsafa ya huduma ninayoijua ndiyo hiyo: majibu uliyoyatafuta magotini, Neno likiwa wazi mbele yako, wakati hakuna anayekusubiri, ili hodi ikipigwa usianze kuhesabu zaka.

Mstari wa pili ni wa mwaka 2006, wakati wa uchaguzi. Mgombea mmoja alitaka kutupa mabati ya kanisa zima, naye apewe dakika kumi mimbarani. Niliandika kwamba mimbara haiuzwi wala haikodishwi. Wazee walininunia miezi mingi, na tulinyeshewa misimu miwili.

Wa tatu niliupata kwa habari ya mtu ambaye Bukavu yote inamjua. Denis Mukwege, akiwa mtoto, alikuwa akimfuata baba yake, mchungaji hapa mjini, kwenda kuwaombea wagonjwa. Siku moja akamwuliza kwa nini anaomba tu na hatoi dawa. Baba akajibu kwamba yeye si daktari. Mtoto akaamua atakuwa daktari. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, na 2018 akapewa Nobeli ya Amani. Watu husimulia kisa hicho kwa kumsifu mwana. Mimi humtazama baba. Alijua ametumwa nini, akamwambia mwanawe ukweli, na ukweli huo ukaacha nafasi kwa mwingine. Ndiyo maana nimeandika: "Mimi si daktari, si hakimu." Akina mama walipokuja kanisani na majeraha ya vita, wapo waliotaka niwaweke kwenye mfungo. Niliomba nao, kisha nikawasindikiza Panzi siku ileile.

Wewe ni mwanamke, Mama, na nakuambia bila kuficha: watakuomba mengi kuliko walivyoniomba mimi. Watataka upikie wageni wa semina, ushike kwaya, ulee watoto wa Jumapili, ufanye hesabu za sadaka, halafu waseme huna muda wa kuhubiri. Soma Marko 1 kuanzia mstari wa 35. Kapernaumu yote inamtafuta Bwana, naye anasema twende vijiji vingine akahubiri huko nako, kwa sababu alitokea kwa ajili hiyo. Hakuwachukia watu wa Kapernaumu. Alikuwa ametoka kuomba alfajiri, akijua alitumwa nini. Ukiwa hujui hilo, utasema ndiyo kwa kila mtu mpaka uchoke na kuwachukia wale uliotumwa kuwapenda. Nimewaona wachungaji wa namna hiyo, wema kabisa walipoanza.

Kwa hiyo usinakili ya mtu. Andika kwanza kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, angeyaelewa, ndipo utafsiri Kifaransa kwa ajili ya mwalimu. Mahali utakapokwama kutafsiri, rudi uangalie: pengine hapo uliandika maneno matupu. Na acha nafasi chini ya ukurasa.

Yangu ina nafasi bado. Tangu mji wetu ulipotekwa Februari 2025, watu wenye bunduki wanaingia ibadani, wengine vijana wadogo, wananyoosha mikono tunapoomba, na benchi la nyuma amekaa mama aliyemzika mwanawe. Nimeuanza mstari wa nne mara mbili, nikaufuta. Ukimaliza wako, nipigie simu jioni unisomee, nami nitakusomea nilipofikia.

Baba yako