Kwa nini nimekataa mdogo wako asimamishwe jukwaani

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza kwa nini niliwarudisha wale waliotaka mdogo wako apewe zawadi mbele ya kamera, na unasema namzibia riziki. Najua unamtakia mema, na ada yake unalipa wewe, kwa hiyo una haki ya kujibiwa. Kwenye simu nisingeweza, maana yuko chumba cha pili na anasikia.

Ile video uliyoiona huko Dar es Salaam inaanza anapotoka majini na mtoto wa pili mgongoni. Watu wanapiga vigelegele, inaishia hapo. Mtumbwi ule ulipopinduka ulikuwa na watoto watatu. Wa tatu alimshika mkono, ukamponyoka. Tulimzika siku iliyofuata, na mdogo wako alisimama nyuma kabisa, kwenye migomba, kwa sababu kila alipotaka kusogea kaburini mtu alimwita shujaa na kutaka wapige picha. Msibani, mwanangu. Na mama wa marehemu yuko palepale anaona.

Tangu siku hiyo halali. Usiku namsikia akifungua mlango, anakwenda kukaa barazani peke yake. Shuleni wanamwita Majaliwa. Mwanzoni jina lilimfurahisha, sikufichi. Wiki ya pili watu ambao hawajawahi kukanyaga mwalo wetu wakaandika kwamba ni uongo, watoto walivutwa na wavuvi kwa kamba, yeye kaokota sifa tu. Aliyasoma yote. Akaja jikoni akaniuliza, "Mama, kwani mimi niliwaambia nini?" Na kweli, hajawahi kumwambia mtu neno lolote.

Hilo jina linanitisha. Unaikumbuka ndege iliyoanguka ziwani hapa Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022. Watu 43 ndani, 19 wakafa. Majaliwa Jackson, kijana mvuvi, alikwenda na wenzake kuokoa, akaumia, akazindukia hospitali. Kesho yake nilikuwa Kaitaba, majeneza yamepangwa uwanjani, Waziri Mkuu akatangaza agizo la Rais kwamba kijana yule aajiriwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nilimpigia makofi huku machozi yananitoka. Hazikupita siku nyingi maneno yakageuka: nani hasa alifungua mlango wa ndege? Mtu aliyeingia majini bila kutumwa akawa anachambuliwa kama mshtakiwa. Yule alikuwa mtu mzima, anajitafutia. Huyu wetu ana miaka 16.

Wale wa zawadi niliwaambia, kama mkono wao ni mwepesi, waipeleke kwa wazazi wa marehemu, au wanunue majaketi okozi yakae mwaloni. Hawajarudi.

Anayemsaidia sasa ni mzee mmoja mvuvi, naye aliwahi kupoteza watu ziwani. Huja jioni na nyavu zake, wanaziziba matundu pamoja, hawaongei mengi. Juzi ndipo nilimsikia mdogo wako akisema kwa mara ya kwanza kwamba ule mkono ulikuwa unateleza. Mzee hakumwambia "pole" wala "ulijitahidi". Alimwuliza maji yalikuwa yanavuta upande gani, naye akaeleza mpaka giza likaingia. Usiku ule alilala.

Kwa hiyo nakuomba usimtumie tena wanayoandika watu, hata ya kumsifu. Ukipiga simu mwulize habari za Simba na Yanga, mwulize hesabu zinamshinda wapi. Akitaka kukusimulia, msikilize, usimkatize kwa kumwambia yeye ni shujaa.

Jana asubuhi aliteremka ziwani peke yake. Nilimfuata kwa mbali. Alifika mchangani, akaosha miguu, akarudi na ndoo ya maji.

Senene zimeanza kuanguka. Nakuwekea zako, ukija Desemba utazikuta.

Mama yako