Valvu ya sola inadondoka mchana: niizibe?

SWALI: Shikamoo fundi. Twakaa Mtopanga, maji yetu ni ya kisima, yana chumvi, na pampu ndiyo huyasukuma. Mwezi uliopita tuliwekewa sola ya maji moto ya lita 200 juu ya paa. Kila mchana ile valvu ya ubavuni mwa tangi hudondoka, jioni huacha. Fundi ataka kuiziba kwa plagi. Nimkubalie? Na koki ya kufungia maji, ninunue ipi?
Mama wa watoto wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimkubalie, hata akikwambia ni kwa siku mbili tu.

Maji yakipata moto huvimba. Lita 200 zikitoka nyuzi 25 hadi 70 huongezeka kama lita 4. Zingerudi kwenye paipu ya maji baridi, lakini pale pana valvu ya njia moja, kwa hiyo hutokea kwenye hiyo ya usalama. Inafanya kazi yake. Niliwahi kuitwa nyumba moja Tudor ambako ilikuwa imezibwa; tangi lilipasuka kwenye mshono, na namshukuru Mungu hapakuwa na mtu anayeanika nguo juu.

Ikidondoka usiku kucha, hilo ni jambo jingine: huenda chumvi imeganda ndani, au presha ya pampu imezidi. Alfajiri, maji yakiwa yamepoa, inua mkono wake maji yapite kidogo. Ikikataa, badilisha, na usome kibati: presha ya kufungukia isizidi ile ya tangi lako. Kati yake na tangi pasiwe na koki yoyote. Paipu yake ya kumwagia ishuke hadi wasipocheza watoto, mdomo ubaki wazi.

Ya kufungia, chukua ya shaba yenye mkono wa robo mzunguko. Ile ya gurudumu, kwa maji yenu ya chumvi, hukwama. Siku paipu ikipasuka utaizungusha mpaka kiganja kichubuke. Hata hiyo ya mkono ifunge na kuifungua kila mwezi.

Lipo ambalo hukuniuliza. Maji ya nyuzi 60 humbabua mtoto kwa sekunde chache. Kabla ya bomba la bafuni weka valvu ya kuchanganyia maji moto na baridi, uitege isipite nyuzi 45. Pesa zikiwa chache, anza na hiyo, koki mpya ingoje.