Kocha naye aitwe jukwaani

Umeuliza kama tuzo za michezo za sekondari ziwaendee wafungaji tu, au makocha nao wapewe. Wapewe, tena waitwe mapema, ukumbi ukiwa bado umejaa. Brother Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika shule ya St. Patrick's, Iten, Kenya, mwaka 1976 kama mwalimu wa kawaida, si mtaalamu wa riadha, kisha akawa kocha wa wakimbiaji. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 London mwaka 2012: dakika 1 na sekunde 40.91. Kazi ya namna hiyo huanza alfajiri uwanjani, pasipo mtazamaji hata mmoja.

Kwa wachezaji, msitazame mabao peke yake. Beki hana takwimu za kujivunia, na mkimbiaji wa pili wa kupokezana vijiti hapigwi picha akikata utepe. Waombeni makocha wa timu pinzani wapige kura ya siri. Wao ndio wanaojua nani aliwanyima usingizi.

Na tafadhali, cheti kisiandikwe "mchezaji bora" basi. Andikeni alichofanya: "alicheza fainali nzima akiwa kipa wa akiba, akaokoa penalti mbili." Hakikisheni jina lake limeandikwa sawasawa, maana cheti hicho mama yake atakitundika sebuleni miaka na miaka. Wasichana wapewe kombe lenye ukubwa uleule, na wasisubirishwe hadi watu waanze kuondoka.