Kabla Hujabandika Raba Kwenye Njumu Zako

Njumu za kwanza nilizozibandika raba zilikuwa kichekesho. Nilikuwa nimesikia habari za Craig Johnston, kiungo wa zamani wa Liverpool, ambaye baada ya kutundika viatu alianza kujaribu raba za vibao vya mpira wa meza kwenye njumu ili ziung'ate mpira na kuuzungusha, na wazo lake likaja kuzaa njumu za Adidas Predator mwaka 1994. Nikaona kama yeye kaweza, na mimi naweza. Nikabandua raba za vibao viwili vikuukuu, sponji na yote, nikazifunika njumu zangu kuanzia ncha ya kidole hadi karibu na kifundo.

Pasi ya kwanza niliyopewa ilikuja ikizunguka. Nikaitega kwa ndani ya mguu kama siku zote, ikauparamia mguu na kutoka nje. Ya pili hivyohivyo. Kumbe raba inayong'ata mpira haijui kama mzunguko ni wako au wa mwenzako. Yeyote aliyewahi kurudisha sevu, yaani pigo la kuanzisha, yenye mzunguko kwenye mpira wa meza analijua hili, ila mimi nilikuwa nimefikiria kupiga tu, sikufikiria kupokea.

Kosa la pili lilikuwa sponji. Mpira wa meza una uzito wa gramu 2.7. Mpira wa miguu wa saizi 5 una gramu 410 hadi 450, yaani zaidi ya mara 150. Sponji inayobonyea na kurudi vizuri chini ya ule mdogo, chini ya huu mkubwa inalala chapati. Unabaki na unene usiosaidia kitu, na mguu hauhisi mpira. Kwa hiyo ukichukua raba ya kibao, ibandue sponji uitupe, ubaki na ile ngozi yake nyembamba ya juu.

Sasa niseme jambo ambalo wauza viatu hawapendi kulisema. Mzunguko wa mpira hutokana kwanza na mahali unapoupiga. Ukiupiga katikati kabisa hauzunguki sana hata uvae msasa. Ukiupiga pembeni ya kitovu chake, unazunguka. Mwaka 2002 mtafiti wa Kijapani Takeshi Asai na wenzake walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba hata msuguano ukikaribia sifuri, mpira bado huzunguka, kwa sababu unabonyea na kuukumbatia mguu kidogo. Mguu na mpira hugusana kwa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Ndani ya muda huo, kama mpira umeshaacha kuteleza juu ya kiatu, kuongeza ukali wa raba hakuongezi chochote. Siku ya jua, ngozi ya kawaida hufanya kazi kubwa ya kutosha.

Basi raba ya nini? Ya mvua. Majani yakilowa, maji huingia kati ya kiatu na mpira na kuwa kama mafuta. Hapo ndipo nilipoona tofauti ya kweli, na ndipo nikabadili namna ya kubuni. Badala ya kutafuta raba inayonata zaidi, nilianza kutafuta njia ya kuyatoa maji. Mifereji midogo, kama ya tairi, inayoishia ukingoni mwa kipande ili maji yapate pa kutokea. Vipele vifupi vyenye kingo badala ya vichwa vya mviringo. Raba laini kabisa hunata vizuri ila hulika upesi na kubeba vumbi. Ngumu sana huteleza. Ninayoipenda ni ile ambayo ukucha unaizamisha kidogo, kisha alama inapotea.

Usikisie. Kata kipande cha mpira uliokufa, kibandike chini ya kigae cha mbao, weka uzito juu yake. Bandika raba unayoipima kwenye ubao bapa, uweke kigae juu, kisha inua ubao taratibu hadi kigae kianze kuteleza, upime pembe. Tanjenti ya pembe hiyo ndiyo kipimo cha msuguano: nyuzi 30 ni kama 0.58, nyuzi 45 ni 1. Rudia ukiwa umemwagia maji. Raba iliyoongoza ikiwa kavu ikaporomoka ikilowa, iache. Kipimo hiki hakifanani na shuti, kwa kuwa mgandamizo wa shuti ni mkubwa mno na msuguano wa raba hubadilika kwa mgandamizo, lakini kwa kupanga nani amshinde nani kinatosha.

Halafu tafuta mahali. Nilipaka unga wa chaki kwenye kiatu nikapiga mipira ishirini ya kukunja, nikikitazama kiatu kila baada ya pigo. Chaki ilifutika kwenye eneo dogo la ndani, kuanzia shina la kidole gumba kurudi nyuma kufuata mfupa. Nchani, ambako nilikuwa nimepoteza raba nyingi, ilibaki vilevile. Lako linaweza kuwa pengine, hasa kama unakunja kwa nje ya mguu. Upande unaotulizia mpira uache na ngozi laini yenye kubonyea kidogo.

Kubandika kwenyewe ni ufundi wa fundi viatu. Kwaruza nyuso zitakazokutana, ya kiatu na ya raba, kwa msasa, futa kwa spiriti, paka gundi ya viatu tabaka mbili nyembamba, subiri mpaka isishike kidole, ndipo ubane. Usivuke mstari ambapo kiatu hujikunja ukikimbia. Kipande kizima hapo hubanduka ndani ya wiki. Kata visiwa vidogo, acha nafasi kati yake. Na kingo zisiwe ngumu wala kali, maana Sheria ya 4 ya mchezo inakataza kuvaa chochote cha hatari, na mwamuzi akikutoa ukavue atakuwa na haki.

Jaribu kila toleo kwa mpira uliojazwa upepo sawa. Sheria inaruhusu mgandamizo wa angahewa 0.6 hadi 1.1, na mpira uliojaa sana hubonyea kidogo, hivyo unaweza kuisifu raba kumbe ni pampu.

Njumu ninazovaa sasa zina visiwa vinne vya raba, vyote kwenye mguu wa kulia, kwa sababu kona nachonga kwa mguu huo. Wa kushoto ni ngozi tupu. Natulizia mpira kwa huo.