Maswali na Majibu: Kopo la kuondoa sumu ya kemo

*Mamangu anatibiwa saratani ya matiti hapa Kisumu, anawekewa ile dawa nyekundu. Jirani amemletea vidonge vya antioksidanti "kuondoa sumu". Ameze? (Kondele)*

Asimeze. Swali hili haliishi kuletwa, kinachobadilika ni jina la kopo tu.

Dawa hiyo ni doksorubisini, moja ya dawa za kemo, yaani tiba ya saratani kwa kemikali. Huvuruga DNA ya seli za saratani, na humo mwilini huzalisha radikali huru, molekuli za oksijeni zinazoharibu kila kilicho karibu. Moyo huumia sana kwa sababu misuli yake imejaa mitokondria, vijitanuri vya nishati vya seli, na kinga yake dhidi ya radikali hizo ni haba. Kwa hivyo sumu ipo, hapo muuzaji hadanganyi, na antioksidanti ni vitu vya kuzima radikali hizo. Uongo unaanza anapodai kidonge chake kitaulinda moyo na kuuacha uvimbe bila kinga. Nani amekifundisha kuchagua? Utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya matiti waliomeza antioksidanti kabla ya kemo na wakati wa kemo walielekea kurudiwa na ugonjwa zaidi. Si ushahidi wa kufunga kesi, ila mimi singemchezea mama yangu bahati nasibu hiyo.

Moyo hulindwa kwa hesabu. Dozi zote za doksorubisini alizowahi kupata hujumlishwa, na jumla ikifika miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita mraba ya mwili, hatari ya moyo kushindwa kazi hupanda sana. Mkihamia hospitali ya Eldoret au Nakuru, daftari lenye dozi hizo liende naye. Na muulize kuhusu eko ya moyo, kipimo cha kuupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti, msingoje miguu ivimbe kwa moyo kuchoka.

*Basi niache managu na machungwa, maana nayo yana antioksidanti? (Bumala)*

Kula. Osha vizuri.

*Mkojo umekuwa mwekundu baada ya dripu. Ni damu? (Ahero)*

Ni rangi ya doksorubisini, huisha baada ya siku moja au mbili. Wekundu ukizidi siku hizo, au ukikojoa kwa maumivu, rudi kliniki. Siklofosfamaidi, ambayo mara nyingi hutolewa pamoja nayo, huweza kuchubua kibofu. Kunywa maji mengi.

*Mzee wetu anawekewa sisplatini na masikio yanavuma. Mwenye mitishamba anasema ni sumu inatoka. (Nakuru)*

Haitoki, inaingia! Sisplatini, dawa nyingine ya kemo, huua seli za kusikia kwa radikali hizo hizo, na seli hizo hazioti tena. Daktari aambiwe kabla ya dozi ijayo, si baada. Figo nazo ziko hatarini, ndiyo maana anatundikiwa maji mengi. Sasa mkimwongezea chupa ya mizizi isiyojulikana ina nini, figo zikichoka mtamlaumu nani? Ipelekeni chupa yenyewe kliniki, hata kama muuguzi atagomba.

*Ni siku ya kumi tangu kemo, nina joto la 38.5. Nimeze parasetamoli nilale? (Kisumu)*

Usilale. Chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, ziko chini kabisa siku hizi. Nenda hospitali usiku huu, na ukifika mlangoni taja kemo kabla ya kutaja homa.